Chupa ya chai yenye jenereta: kontena la ubaridi kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam

Katika kipindi cha miezi kumi nimekodi mara tatu kontena la ubaridi la futi 20 ili kupeleka samaki kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, hadi soko la Feri, Dar es Salaam. Wakala aliyenikodisha ana uwanja wake hapa mjini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko, na kwa kuwa wenzangu waliotumia mawakala wengine wamenisimulia mambo yanayofanana mno na yaliyonipata. Ninaloandika ni tathmini ya huduma yenyewe: sanduku, mashine, dereva, uwanja na karatasi zinazoambatana navyo. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka aipate: mashine na dereva ni wa kutegemewa, uwanja na karatasi bado, na mzigo wako utafika salama ikiwa tu wewe mwenyewe unajua kontena la namna hii limetengenezwa lifanye kazi gani.

Kwa asiyeifahamu biashara yetu, ni vema nieleze kwanza kwa nini mtu wa Kigoma ahangaike na kontena la ubaridi ilhali samaki wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakifika mbali tangu zamani bila hata kipande cha barafu. Dagaa wetu huanikwa juani, juu ya mchanga au juu ya vichanja, na akikauka vizuri husafiri kwenye gunia kwenda popote. Migebuka hukaushwa kwa moshi au hutiwa chumvi, na chumvi haijawahi kuwa tatizo katika mkoa wenye chemchemi za Uvinza. Ujuzi huo ni mzuri na sitaki kuudharau, kwa sababu umelisha miji mingi. Lakini mlaji wa Dar es Salaam anayetaka kuhe wa kukaanga au mgebuka wa kuchemsha kwa ndimu hamtaki aliyekauka. Anamtaka kama alivyotoka majini, na bei atakayolipa ni tofauti kabisa. Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayolipa nauli ya kontena, na ikiwa samaki atafika amelegea, hakuna kitu kingine cha kuilipa.

Kontena lenyewe ni sanduku la chuma ambalo kuta, dari na milango yake vimejazwa povu gumu la kuzuia joto. Ndani lina nafasi ya takribani mita za ujazo 28, ambayo ni pungufu ya kontena kavu la urefu uleule, kwa sababu unene wa kuta umekula sehemu yake. Upande wa mbele imefungwa mashine ya ubaridi. Niliyopewa mimi mara zote tatu ilikuwa ya Carrier, ingawa uwanjani niliona pia za Thermo King na Daikin. Mashine hiyo hutumia umeme wa njia tatu wenye volti kati ya 380 na 460, kwa hiyo asije mtu akadhani atalipeleka kontena nyumbani kwake Mwanga, hapa mjini, na kulichomeka kwenye soketi ya sebuleni. Uwanjani hulishwa na umeme wa TANESCO, na barabarani hulishwa na jenereta ya dizeli iliyofungwa chini ya tela. Sakafu si bapa. Ina mifereji inayokwenda kwa urefu wote wa kontena, na hewa baridi hupulizwa kupitia mifereji hiyo, hupanda juu kupitia au kuzunguka mzigo, kisha hurudi kwenye mashine ikipita karibu na dari. Ndiyo maana ukutani kuna mstari mwekundu ambao mzigo haupaswi kuuvuka. Ukiuvuka, umeziba njia ya hewa kurudi, na mashine itaendelea kunguruma bila faida yoyote kwa samaki walioko nyuma.

Maelezo hayo yote nayafahamu leo. Siku ya safari ya kwanza niliyafahamu nusu nusu, na aliyenifumbua macho ni dereva, mtu wa makamo ambaye anaonekana kuyajua makontena haya kuliko ofisi nzima inayomlipa. Tulipokuwa tukisubiri makuli, nilimwambia kwamba migebuka wa mwenzangu mmoja hawajaganda sawasawa, ila hilo si neno kwa kuwa wataganda humo ndani njiani. Alinitazama kwa upole akasema, "Mama, hili si friza. Hili ni chupa ya chai. Ukitia chai ya vuguvugu asubuhi, jioni utakunywa chai ya vuguvugu."

Mfano huo nimeurudia kwa watu wengi tangu siku hiyo, na sijapata uliouzidi. Kontena la ubaridi halikutengenezwa ili lipoze kitu chenye joto. Limetengenezwa ili lilinde ubaridi ambao mzigo umeingia nao, kwa kuondoa joto linalopenya kutoka nje. Hesabu ndogo inatosha kulionesha hilo. Sehemu kubwa ya mwili wa samaki ni maji, na kugandisha kilo moja ya samaki aliyekwisha kupozwa hadi sifuri, kisha kumshusha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kunahitaji kuondoa kilojuli 300 hivi za joto. Zidisha kwa tani tisa tulizokuwa nazo, kisha gawanya kwa nguvu ya mashine ya kontena, ambayo kwa ubaridi wa kiwango hicho ni kilowati chache tu, na utapata siku nyingi kuliko safari yote ya kwenda Dar es Salaam. Chupa ya chai, kwa kweli, ila hii ina jenereta ya kuzuia chai isipoe, au kwa upande wetu, isipate moto.

Safari hiyo ya kwanza tulikuwa wafanyabiashara watatu tuliochanga mzigo wa tani tisa za migebuka waliogandishwa, maboksi 450 ya kilo 20. Watu wa uwanjani walikuwa wameliwasha kontena usiku kucha, na asubuhi wakatuonesha kwa fahari kioo kilichosomeka nyuzi 18 chini ya sifuri. Tuliwashukuru. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba fahari hiyo ilikuwa sehemu ya tatizo. Kontena likipozwa kabla ya kupakiwa, kisha likafunguliwa milango mahali pa wazi kama Kibirizi, ambapo hewa ya ziwa ina unyevu mwingi, unyevu huo huingia na kugeuka utandu wa barafu kwenye kuta na kwenye mabomba ya mashine. Kulipoza kontena kabla kunafaa pale penye chumba cha ubaridi ambacho mlango wake unashikana na mlango wa kontena, na sisi hatuna chumba kama hicho mwaloni. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: mashine iliachwa ikifanya kazi muda wote wa kupakia, feni zikivuta hewa ya mchana wa Kigoma na kuipeleka moja kwa moja ndani. Upakiaji ulichukua saa tatu na nusu, kwa kuwa boksi za mwenzetu wa tatu zilichelewa, na milango haikufungwa hata mara moja.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelisemea. Mzigo wetu haukufika hadi milangoni, kwa hiyo kipande cha sakafu chenye urefu wa zaidi ya mita moja kilibaki wazi. Hewa haina adabu ya kwenda inakotakiwa. Hupita palipo rahisi. Ikikuta mifereji iliyo wazi, hupanda hapo hapo na kurudi kwenye mashine bila kuusogelea mzigo. Dawa yake ni kufunika sakafu iliyobaki kwa maboksi matupu yaliyokunjuliwa, kazi ya dakika tano. Dereva alilikumbuka hilo tulipofika Uvinza, lakini lakiri ya milango ilikwisha kufungwa na hakuwa na ruhusa ya kuikata.

Njiani sina la kulalamikia. Kutoka Kigoma tulipita Uvinza, tukavuka Malagarasi kwa Daraja la Kikwete, tukaenda Kaliua, Urambo na Tabora, kisha Manyoni, Dodoma na Morogoro. Mimi nilifuata kwa basi hadi Tabora, kisha nikawa napigiwa simu. Lori lilipata pancha usiku kabla ya kufika Kaliua na likasimama kwa saa tano, lakini jenereta haikuzimika hata dakika moja, na dereva alinitumia picha ya kioo cha mashine kila alipopumzika. Picha moja ilionesha joto limepanda nikashtuka. Akanieleza kwamba mashine ilikuwa inajiyeyusha, yaani imesimamisha upozaji kwa muda mfupi ili kuondoa barafu iliyoganda kwenye mabomba yake, jambo linalofanyika mara kadhaa kwa siku na lisilodhuru mzigo. Kwenye mizani na kwenye vizuizi vya ukaguzi kibali chetu cha kusafirisha mazao ya uvuvi kilikuwa sawa, na hapo hatukupoteza muda.

Tulifika siku ya tatu usiku. Nilikuwa nimenunua kipimajoto chenye ncha ndefu, na kwa msaada wa msumari safi wa kutobolea niliwapima samaki wenyewe, si hewa. Maboksi ya katikati yalisoma nyuzi 17 chini ya sifuri, na hayo sina neno nayo. Yale ya mlangoni na ya safu za juu yalisoma 11, na mengine 9. Kwa macho ya kawaida samaki hao walikuwa bado wagumu, lakini waligusana na kushikamana, dalili kwamba walilegea kidogo kisha wakaganda tena, na mnunuzi wa Feri hahitaji kipimajoto kuliona hilo. Maboksi 60 hivi tuliyauza kwa bei ya chini.

Tulipodai fidia, wakala alitoa chati iliyochapishwa kutoka kwenye mashine, iliyonyooka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri tangu Kigoma hadi Dar es Salaam, isipokuwa vile vilima vidogo vya kujiyeyusha. Chati hiyo haikuwa ya uongo, na hapa ndipo mtu anapohitaji kuelewa anachosaini. Kwa mzigo uliogandishwa, mashine hujiongoza kwa joto la hewa inayorudi kwake kutoka juu ya mzigo. Kwa mzigo wa ubaridi usioganda, hujiongoza kwa joto la hewa inayoitoa. Katika hali zote mbili inapima hewa. Kama hewa hiyo imepita njia ya mkato kwenye sakafu iliyo wazi, chati itakuwa safi kama hati ya mwalimu huku samaki wa mlangoni wakilowa. Mkataba wetu ulisema wakala anawajibika kwa "joto la mashine", maneno mawili tuliyoyapita haraka siku ya kusaini. Hatukulipwa kitu.

Safari ya pili niliifanya peke yangu, na ndiyo iliyoniuma zaidi, ingawa mzigo ulikuwa mdogo. Nilitaka kujaribu samaki wabichi katika barafu: kuhe na sangara wakubwa, waliopangwa kwenye makreti ya plastiki, tabaka la samaki na tabaka la barafu iliyosagwa, kilo kwa kilo. Kiasi hicho cha barafu huwashangaza wengi. Ni kweli kwamba kwa hesabu ya darasani kilo moja ya barafu ikiyeyuka inaweza kupoza zaidi ya kilo tatu za samaki kutoka nyuzi 25, joto la kawaida la maji ya juu ya ziwa letu, hadi sifuri. Lakini barafu haipozi samaki peke yake. Inapigana pia na kreti, na hewa, na jua, na mikono ya watu, na baada ya vita hiyo lazima ibaki ya kutosha kwa siku tatu. Anayeweka pungufu anajidanganya.

Kwa mzigo wa namna hiyo kontena huwekwa kwenye sifuri au juu yake kidogo sana. Likiwekwa chini ya hapo, barafu haitayeyuka, na barafu isiyoyeyuka haimpozi samaki, kwa kuwa ni maji yake ya baridi yanayomzunguka na kumgusa kila mahali. Zaidi ya hayo, ngozi za juu zitaanza kuganda, maana samaki huanza kuganda kwenye nyuzi moja au mbili chini ya sifuri. Likiwekwa juu sana, barafu huisha mapema. Niliandika "sifuri" kwenye fomu. Mtu wa uwanjani, ambaye wiki ile alikuwa amehudumia mizigo ya maziwa na mtindi, aliweka nyuzi 4, na hakuna aliyekagua. Juu ya hilo, vizibo vya matundu ya kutolea maji kwenye pembe za sakafu viliachwa vimefungwa. Kwa samaki walioganda vizibo hufungwa, na hilo ni sahihi; kwa samaki wa barafu lazima vifunguliwe ili maji yatoke. Yetu hayakuwa na pa kwenda, yakajaa kwenye mifereji ileile ambayo hewa ilipaswa kupita.

Dereva aliona kioo alipofika Tabora, akanipigia, na nilipomwambia ashushe hadi sifuri alifanya hivyo mara moja, lakini saa nyingi zilikwisha kupita. Watu huona nyuzi nne ni kitu kidogo. Wanaoshughulika na ubora wa samaki wana kanuni nyepesi inayoonesha kwamba samaki aliye kwenye nyuzi 5 huharibika zaidi ya mara mbili ya kasi ya aliye kwenye sifuri, na aliye kwenye nyuzi 10 mara nne. Maana yake siku moja kwenye nyuzi 5 imekula zaidi ya siku mbili za uhai wa sokoni wa samaki yule. Kreti za juu zilifika bila barafu, mashavu ya samaki yamegeuka rangi ya kahawia na macho yamezama. Sikutupa samaki hata mmoja, lakini niliuza theluthi moja ya mzigo kwa mama wauza samaki wa kukaanga kwa bei ambayo haikurudisha hata gharama ya barafu. Nawashukuru hata hivyo, maana bila wao ningemwaga.

Safari hii wakala alikiri kosa la kuweka joto lisilo sahihi, kwa kuwa fomu ilikuwa na mwandiko wangu, akapunguza nauli kwa robo. Kuhusu vizibo alisema ni wajibu wa anayepakia. Labda. Lakini mteja anayepakia kwa mara ya kwanza atajuaje kwamba kuna vizibo chini ya sakafu, ikiwa hakuna aliyemwonesha?

Kabla sijafika kwenye safari ya tatu, niseme neno juu ya dizeli, maana hapo pesa huvuja kimyakimya. Nauli ya kontena ilikuwa karibu mara mbili ya lori la kawaida, na dizeli ya jenereta hulipwa kando. Jenereta za aina hii kwa kawaida hutumia lita mbili hadi nne kwa saa, kutegemea mashine inavyofanya kazi. Katika safari ya kwanza tulitozwa lita 310. Jenereta ina mita inayohesabu saa, na picha za dereva zilionesha saa 74. Hata kwa kuhesabu lita tatu kila saa, ni lita 222. Nilipeleka hesabu hiyo ofisini katika karatasi moja, bila maneno makali, na safari ya tatu wakaanza kuandika usomaji wa mita mwanzo na mwisho. Tofauti ya nyuma haikurudishwa, ila tangu hapo sijatozwa kinyume cha mita.

Kuna jambo jingine linalowapita mawakala wanaotoka nje ya mkoa huu, nalo ni mwezi. Uvuvi wa dagaa na migebuka ziwani hufanyika usiku kwa taa, na taa zina nguvu wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa, wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Ratiba ya wakala hupangwa kwa wiki na tarehe, kana kwamba samaki anasoma kalenda ya ukutani. Mara mbili nilipewa nafasi iliyoangukia mbalamwezi, na ilinibidi nikusanye mzigo mapema na kuulipia umeme wa kuuhifadhi. Ukiongeza na vipindi vya kufungwa kwa ziwa, kama ule wa mwaka 2024 ulioanza tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, utaona kwamba huduma hii haiwezi kuendeshwa Kigoma kama inavyoendeshwa bandarini Dar es Salaam, ambako mzigo upo kila siku ya Mungu.

Safari ya tatu niliifanya kama mtu aliyekwisha kulipa ada ya shule. Nilisubiri giza. Nilikodi nafasi katika chumba cha ubaridi kwa siku nne na sikukubali boksi lolote liondoke kabla samaki wake wa katikati hajafika nyuzi 18 chini ya sifuri. Boksi 30 za jirani yangu nilizikataa, na tulinuniana kwa wiki moja. Nilimwomba wakala asilipoze kontena kabla, ila aliwashe kwa majaribio mchana ili tuhakikishe linafika kwenye kiwango, kisha alizime na kuliacha. Tulipakia saa tisa usiku, uwanjani kwao badala ya mwaloni, mashine ikiwa imezimwa, makuli kumi badala ya watano. Baada ya saa moja na dakika kumi tu milango ilifungwa. Maboksi yalibanwa bila nafasi kati yao, kwa kuwa mzigo uliogandishwa hauhitaji hewa ipite katikati yake bali uzungukwe. Mstari mwekundu haukuvukwa, na sakafu iliyobaki mlangoni ilifunikwa. Ndani ya maboksi matatu, moja mbele, moja katikati na moja mlangoni, niliweka virekodi vidogo vya joto vyangu mwenyewe, kila kimoja kikubwa kama kiberiti.

Pia niliomba mkataba ubadilishwe mstari mmoja, usomeke kwamba joto la samaki litapimwa na pande zote mbili wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, na kuandikwa kwenye karatasi yenye saini mbili. Ofisi ilisita, meneja akasema hakuna mteja aliyewahi kuomba hivyo. Alikubali baadaye, na nadhani alikubali kwa kuwa mstari huo unamlinda yeye pia dhidi ya mtu anayeleta samaki waliolegea kisha akadai fidia. Dar es Salaam boksi la mlangoni lilisoma nyuzi 16 chini ya sifuri, na yaliyobaki 17 na 18. Hakukuwa na cha kubishania. Mzigo wote uliuzwa kwa bei moja.

Kuhusu usafi, kontena la safari ya pili lilinuka vitunguu, na ilibidi nidai lioshwe tena kabla ya kupakia. Makontena mengine mawili yalikuwa safi. Kuhusu mizigo mingine siwezi kusema mengi, ila mwenzangu wa Kasulu aliyepeleka ndizi mbichi kwa wakala huyuhuyu alipoteza sehemu yake kwa sababu waliziweka kwenye ubaridi wa maziwa. Ndizi haipaswi kushuka chini ya nyuzi 13 hivi, ikishuka ganda lake huwa jeusi na haiivi vizuri. Tena matunda hupumua, na kontena lina tundu la kuingiza hewa safi ambalo hufunguliwa kwa ajili yao na kufungwa kwa ajili ya samaki walioganda. Nani katika uwanja ule analijua hilo, mbali na dereva wangu?

Watu huniuliza kama reli isingefaa zaidi. Reli ya kati ya zamani, ambayo ni takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, inafika hadi bandarini Kigoma, na mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Siku ambayo behewa litaweza kulisha makontena kumi kwa umeme kwa ratiba inayojulikana, hesabu zangu zitabadilika. Kwa sasa nabaki barabarani.

Kwa mwenye mzigo wa samaki waliogandishwa usiopungua tani nane, ambaye ana mahali pa kuwagandisha kikamilifu kabla, naipendekeza huduma hii bila kusita, alimradi asimamie upakiaji yeye mwenyewe na asimwachie mpwa wake. Kwa mwenye tani mbili au tatu za samaki wabichi, lori dogo la sanduku la ubaridi na barafu nyingi litamfaa zaidi kuliko kulipia kontena lenye nafasi tupu. Ofisi ya wakala ningeiongezea alama nyingi kama ingebandika ukutani karatasi moja tu yenye viwango vya joto vya kila mzigo na maelezo ya vizibo, maana mtu wa uwanjani si mvivu, hajafundishwa.

Safari ya nne nimekwisha kuiandikisha kwa giza la mwezi ujao, tani 11, na sharti nililoliandika kwa mkono wangu juu kabisa ya fomu, kabla ya joto na kabla ya uzito, ni kwamba dereva awe yuleyule.